Karatasi za Ndesanjo

Jumatano tarehe 7 Mei 1958, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ndesanjo alifungua sanduku lake la bati atoe karatasi zake za serikali, akakuta amewekewa gazeti.

Lilikuwa limekunjwa vizuri na kutiwa ndani ya bahasha ya kaki, unene ukalingana kabisa na wa zile karatasi zilizotoweka. Nazo zilikuwa tatu: cheti cha utambulisho chenye picha na alama za vidole vyake, leseni ya kujifunzia udereva, na fomu ya mtihani iliyokwisha pigwa muhuri. Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa na vyuma.

Ndesanjo alikuwa kijana wa Kichaga kutoka Moshi, Tanganyika. Chama cha ushirika cha kijijini kwao kilikuwa kimemtuma kusomea kilimo cha kahawa katika chuo kidogo nje ya mji wa Ruiru. Kusoma alikwisha kusoma. Kilichobaki ni leseni. Wakulima wa kwao, baba yake akiwa mmoja wao, walinunua lori tangu Januari, nalo lilikuwa nyuma ya ghala, kuku wakilala ndani yake, likimngoja yeye. Sasa, mkaguzi wa madereva alikuja Thika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na si siku nyingine, na cheti cha Ndesanjo kilimruhusu kukaa Kenya hadi tarehe 31 Mei tu. Mtihani ulikuwa leo, saa nane na nusu mchana. Akiukosa, angerudi nyumbani mikono mitupu na kuku wangeendelea kutaga ndani ya lori.

Hakwenda kwa mkuu wa chuo. Alikwenda kwa dobi.

Hilo lisikushangaze. Mkuu wa chuo alikuwa na mafaili ya wanafunzi, lakini Kaleli alikuwa na nguo zao, na nguo haziandiki barua za kujisifu. Mzee huyu wa Kikamba, mzaliwa wa Kangundo, alijua nani amegombana na nani, nani amelia, nani amepata mchumba. Wengine walimwita mmbeya. Ni kweli alikuwa mmbeya, ila umbeya wake ulikuwa na mpango.

Ndesanjo alimkuta akipuliza makaa ya pasi kibandani kwake. Kwenye kamba matambara ya Opiyo, dereva wa chuo, yalikuwa yakining'inia, makavu tangu juzi.

"Mzee Kaleli, nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Karatasi zangu. Zote."

"Kaa hapo. Usilie kwanza, ukilia mimi sitasikia vizuri. Mara ya mwisho uliziona saa ngapi?"

"Jana, saa tisa na nusu alasiri. Nilitoa cheti nikanakili namba yake, nikakirudisha, nikafunga."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Na usiku chini ya mto."

"Koti lilitoka mwilini lini?"

Ndesanjo alifikiri. "Nilipokwenda kuoga, saa moja jioni. Lakini nililitundika kwenye msumari mbele ya macho yangu. Na saa kumi, kwenye somo la kuendesha. Mwalimu Opiyo hataki mwanafunzi avae koti wala viatu. Anasema mguu mtupu ndio unaosikia klachi."

"Haya. Lete hilo koti. Na usimwambie mtu yeyote mpaka nikuambie."

Kaleli alilipokea koti, akaligeuza mgongo, akalitazama kwa muda mrefu kuliko koti lolote linavyostahili kutazamwa. Alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe Jumatatu. Kisha akalitundika, akatoka.

Saa moja na robo alipita uani. Opiyo alikuwa ameketi kwenye kikanyagio cha lori la chuo, anakunywa chai taratibu. Lori lilikuwa na tope hadi milangoni, tope la mvua ya Jumatatu.

"Opiyo, umeamkaje?"

"Nimeamka tu."

"Leo ni Thika?"

"Leo ni Thika," alijibu Opiyo, akaitazama chai yake.

Kaleli akaenda zake bwenini. Mwenzake Ndesanjo chumbani alikuwa Kang'ethe, kijana wa Ngoingwa, mpole, mwenye kuogopa kila kitu. Siku hizo za hali ya hatari Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda popote bila kibali, na Kang'ethe hakuwa amemwona mama yake tangu Krismasi. Cheti cha mgeni kingemfungulia vizuizi vyote vya barabarani. Mtu yeyote angemshuku, na Kaleli alimshuku.

"Kang'ethe, nyosha mikono."

"Kwani nimefanya nini, mzee?"

"Nimesema nyosha."

Vidole vilikuwa na wino mweusi. Kang'ethe alivirudisha haraka kwapani.

"Jana saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Sikuwa hapa."

"Hilo si jibu, hilo ni mlango umefungwa. Wapi?"

"Kwa ofisi ya D.O." Sauti ilishuka. "Nilienda kuomba kibali ya kuona mama. Sikutaka watu wajue, kwa sababu wakinikataa, nitaonewa huruma. Na mimi huruma sitaki."

Kaleli alivivuta tena vidole, akavigeuza kimoja kimoja. Wino ulikuwa kwenye vidole vyote kumi, umezunguka kutoka ukingo wa kucha huu hadi ule. Anayeandika huchafua vidole viwili. Anayefungua wino wa mwenzake huchafua kiganja. Mtu wa namna hii ameshikwa kila kidole na karani, kikabingirishwa juu ya karatasi kama chapati. Kaleli alikuwa amefua pindo za mikono zenye wino huo kwa miaka sita, na alijua kuwa sabuni haiuwezi.

"Walikuweka mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wakafunga ofisi. Saa kumi na moja."

"Walikupa?"

"Wamesema nirudi Ijumaa."

"Basi utarudi Ijumaa," alisema Kaleli, na akajisikia vibaya kwamba alikuwa amekuja na ukali.

Lakini siri ya watu watatu si siri. Saa mbili mkuu wa chuo alikwisha pata habari, naye akatamka kwamba karatasi zisipoonekana hadi saa sita mchana ataita polisi. Aliposema hayo macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa Kang'ethe.

Saa tatu kasoro robo Kaleli aliingia jikoni. Wilkister, mpishi wa chuo, mama mnene wa kutoka Busia, alikuwa akikuna sufuria kwa hasira. Mtunza bustani alikuwa amemwona akitoka chumbani kwa Ndesanjo jana jioni.

"Ndiyo niliingia! Saa kumi na mbili. Na wewe unataka kunifunga?"

"Kufuata nini, mama?"

"Shati. Huyu mtoto ataenda mbele ya Mzungu na shati haina kifungo ya juu? Mama yake atasema sisi watu ya Kenya tulimtunza namna gani?"

"Ulishona kwa uzi gani?"

"Nyeusi. Nyeupe iliisha. Ndio unanichunguza nayo?"

Kaleli alikuwa ameliona shati hilo asubuhi mgongoni mwa Ndesanjo, kifungo cha juu kikiwa kimeshonwa kwa uzi mweusi ti. Tena saa kumi na mbili jioni koti lilikuwa mwilini mwa mwenyewe, na ufunguo mfukoni.

"Chumba kilikuwaje ulipoingia?"

Wilkister aliacha kukuna. "Kilikuwa safi. Lakini kwa sakafu kulikuwa na udongo nyekundu kidogo, ya kandambili ya tairi. Nikafagia. Hao wawili wanavaa viatu ya ngozi, si ndio?"

"Ndio," alisema Kaleli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutaka kujua zaidi.

Alirudi kibandani, akaketi mbele ya lile koti. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na dobi huyu aliamini kwamba msemo huo ulitungiwa watu wa kazi yake. Alichokuwa ameona mgongoni mwa koti sasa kilikuwa na maana, na maana yenyewe ilimuuma. Opiyo alikuwa rafiki yake wa miaka tisa.

Saa nne na robo alimchukua Ndesanjo, Kang'ethe na Wilkister, akawapeleka uani kwenye lori. Opiyo alikuwa pale pale.

"Ndesanjo," alisema Kaleli, "jana kwenye somo mwalimu wako alikaa nawe muda wote?"

"Hapana. Saa kumi na nusu alishuka. Aliniambia nizunguke vitanda vya kuanikia kahawa mara kumi peke yangu, nizoee."

"Na koti lako?"

"Alilichukua. Alisema litachafuka kwenye kiti."

"Koti likilazwa kwenye kiti cha lori hukunjika mara nne tano, ovyo ovyo. Hili lina mkunjo mmoja, katikati ya mgongo, umenyooka. Lilining'inizwa mkononi na mtu anayetembea. Alitembea nalo muda wa kutosha pasi yangu ikaharibika." Alimgeukia Opiyo. "Kang'ethe alikuwa kwa D.O. Chumba kilikuwa kitupu. Mtu mwenye kandambili za tairi aliingia, akafungua sanduku kwa ufunguo wake halisi, akaweka gazeti, akafunga."

Opiyo alivuta miguu yake chini ya kikanyagio. "Omera, ndugu, hapa Ruiru kandambili za tairi ni ngapi?"

"Nyingi. Ndiyo maana nilikuwa nakutafutia njia ya kutoka, ndugu yangu, na sikuiona. Miaka tisa hujapeleka lori hili Thika likiwa chafu. Siku ya mtihani unaamka kabla ya jogoo, unakuja kuchukua matambara yako kwangu, unalipangusa mpaka kioo cha nyuma. Leo matambara yako yako kambani. Saa moja na robo, kabla ya mtu yeyote kuambiwa kitu, wewe unakunywa chai na lori lina tope hadi mlangoni. Ulijua hakuna safari."

Ndesanjo alimtazama Opiyo. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akingoja akanushe.

Opiyo aliinuka, akainua kiti cha lori, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ili kisilowe. Zote tatu zilikuwemo, hata kona hazikupinda.

"Nilitaka kumrudishia kesho," alisema. "Haki ya Mungu, kesho."

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza Ndesanjo. "Nilikukosea nini?"

"Nyathina, mwanangu, hukunikosea. Mimi ndio nilikukosea." Opiyo alikaa chini kwenye vumbi. "Jumamosi nilikutana na dereva mmoja Thika. Akaniambia huyu mkaguzi mpya anasimamisha lori katikati ya mlima wa daraja la Chania. Anaweka kiberiti nyuma ya gurudumu. Ukiondoka, lori likirudi likakanyaga kiberiti, umeanguka. Na mimi breki ya mkono ya hii lori imekufa mwaka mzima. Nimekufundisha kwa mashamba ya kahawa, mahali tambarare. Mlima sijakufundisha hata siku moja. Ningesemaje? Unaniita Mwalimu mbele ya watu. Nikaona ukikosa leo, mwezi wa sita nitakuwa nimetengeneza breki, nimekufundisha, utapita. Mwezi mmoja ni nini?"

"Mwalimu, mwezi wa sita sitakuwepo. Cheti kinakwisha tarehe 31. Imeandikwa hapo, chini ya picha."

Opiyo alikitazama cheti mkononi mwake. Alikitazama sana, kama mtu anayetazama uso wa asiyemjua, na wote waliomzunguka wakaelewa kwa pamoja jambo ambalo Kaleli, kwa umbeya wake wote wa miaka tisa, hakuwahi kulijua.

"Mimi sijui kusoma, nyathina," alisema Opiyo. "Niliona picha yako na muhuri. Nikajua ni kitu ya maana, nikaifunga vizuri. Hii maandishi sikujua inasema nini."

Machozi yalimtoka bila kuyaficha. Wilkister, aliyekuja na mwiko akiwa tayari kuutumia, aliushusha.

"Kang'ethe karibu apelekwe polisi kwa ajili yako," alisema Kaleli.

"Nitamwambia mkuu wa chuo mwenyewe. Anifukuze akitaka." Opiyo alimgeukia Kang'ethe. "Nisamehe, kijana yangu." Kang'ethe alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

Ndesanjo akavua viatu, akavipanga kando ya gurudumu.

"Mwalimu," alisema, "sasa ni saa nne na nusu. Mlima wa mto Ruiru uko hapo karibu. Amka unifundishe."

Kaleli akapeleka habari kwa mkuu wa chuo kwamba karatasi zimeonekana, na Opiyo akaamka. Alimfundisha namna ya wazee wasio na breki ya mkono: kisigino juu ya breki, vidole juu ya pedali ya mafuta, na mguu wa kushoto uachie klachi polepole mpaka lori litetemeke. Mara ya kwanza lori lilirudi hatua sita. Mara ya tisa lilirudi hatua moja. Ilipofika saa sita na nusu lilikuwa haliendi nyuma hata kidogo, na Opiyo alikuwa amekauka sauti. Wilkister na Kang'ethe walilipangusa kwa matambara kabla halijaondoka kwenda Thika, wakilalamika.

Saa tisa kasoro dakika kumi, kwenye mlima wa Chania, mkaguzi aliweka kiberiti chake. Kaleli na Opiyo walikuwa wamesimama chini kando ya barabara. Opiyo aliugeukia mto. Kaleli alisikia injini ikipanda sauti, ikatetemeka, ikapanda tena, na lori likaondoka. Akaenda mwenyewe kuokota kiberiti, akamtilia Opiyo mkononi. Kilikuwa kizima.

Saa kumi Ndesanjo alitoka ofisini na leseni, wino wa muhuri bado mbichi. Hakumpa Kaleli, aliyekuwa amenyosha mkono. Alimpa Opiyo.

Opiyo aliifungua kwa ncha za vidole, akaitazama juu hadi chini, akairudisha.

"Nisomee," alisema. "Yote. Hata tarehe."

Wakaketi kwenye kikanyagio cha lori, Ndesanjo akamsomea, akianza na jina lake mwenyewe. Alipofika mwisho Opiyo alimwomba arudie, na mara hii aliweka kidole chake chini ya kila neno lilipokuwa likitajwa.