Mkono wa Alois Begani mwa Theresia

Theresia alikutwa amekufa Jumanne jioni chini ya korongo la Kisambwa, milimani Uluguru, tenga lake la karoti limepasuka kando yake. Alhamisi jirani yake Alois naye akafa, kwa kipigo cha wanakijiji. Ijumaa kijiji kikagoma kumzika.

Kilichomuua Alois ni picha. Theresia amesimama ukingoni, Alois bega kwa bega naye, kiganja chake begani mwa mama huyo. Aliipiga Innocent, mpigapicha wa Msamvu, mtoto wa dada yake Theresia. Kamera iliandika saa kumi na dakika thelathini na moja.

Sajenti Kibwana alianza na mjane wa Alois, Catherine.

"Mumeo na marehemu waligombana?"

"Kila kiangazi, afande. Maji ya mfereji. Leo wanatukanana, kesho wanaombana chumvi."

"Jumanne alikuwa wapi?"

"Shambani kwetu, ng'ambo ya korongo. Alirudi sauti imemkauka kabisa. Walipomvamia hakuweza hata kujitetea. Nisaidie nimzike, afande. Wanasema muuaji haingii makaburi yao."

Shahidi alikuwa mmoja, mzee Elia.

"Shikamoo, mzee. Uliwaona?"

"Marahaba. Kwa macho yangu, wako pamoja ukingoni."

"Uliwaona siku ile, au ulipoonyeshwa picha?"



"Jumanne nilikuwa Mafiga kwa binti yangu," alisema taratibu. "Lakini nawaona, mwanangu. Hata sasa nawaona."

Jumamosi Kibwana alimpeleka Innocent kwenye kilima alikopigia picha. Askari mmoja alisimama ukingoni, mwingine shambani kwa Alois. Kwa macho matupu, waliachana mita themanini, na korongo katikati. Kibwana akachungulia kwenye lenzi ndefu ya Innocent. Korongo likapotea. Askari wake wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega.

"Kwa hiyo hakumgusa," alisema.

"Sikujua, afande."

"Ulisimama hapa hapa, ukijua lenzi yako inafanya nini. Simu ya Theresia inaonyesha ulimpigia saa kumi na dakika ishirini na tisa. Mliongea dakika mbili. Ulimwambia nini?"

Innocent akakaa chini kwenye majani.

"Nilimwambia, mama mdogo, rudi nyuma hatua moja, tenga lionekane kwenye anga. Kwenye lenzi, nyuma yake palikuwa na ardhi. Nakuapia, niliona ardhi."

"Na Alois?"

"Alikuwa anapiga kelele, anampungia mkono asirudi nyuma. Mama mdogo alikuwa na simu sikioni. Alinisikiliza mimi."

"Halafu ukawapa watu picha."

"Waliniuliza alikuwa na nani. Niliogopa. Nilidhani watampeleka polisi tu, mahakama itamwachia."

Kibwana alimfunga pingu, akampeleka kijijini. Akamtaka aseme maneno yale yale mbele ya watu wote, na Innocent akayasema.

Alois alizikwa Jumapili, palepale kijijini.

Gharama ya picha ile ni hii. Theresia, miaka hamsini na minane. Alois, arobaini na mitatu. Nyumba yake ya vyumba viwili, imechomwa. Watoto wake watatu, wamehamia Dakawa kwa mjomba wao. Wanaume kumi na saba waliompiga wako mahabusu, na Innocent pia. Waliobeba jeneza la Alois walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa Kibwana.