Tope la Kusugulia Kikombe

Kila asubuhi Salvina wa Ngokolo, mjini Shinyanga, alishuka mtoni na vyombo vyake. Alichota konzi ya tope la chini, lile lenye mchanga, akasugua sufuria na kikombe cha mtoto mpaka vikang'aa. Ndivyo alivyofundishwa kwao Ushirombo. Lakini mto wa kwao haukupita mjini.

Huu ulipita. Vyoo vya nyumba za wakubwa vilimwaga uchafu humo tangu enzi za Mwingereza. Bendera ilibadilika, mfereji haukubadilika.

Mwaka ule wa 1979, mwanawe Kamili alihara mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Macho yalimwingia ndani. Na Salvina alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja.

"Nipe nimpeleke kwa mganga," alisema mama mkwe wake, Bibi Anisia. "Hili ni jicho la mtu."

Jirani yao Apolonia, mhudumu wa zahanati, alipiga hodi akiwa tayari yuko ndani.

"Shikamoo mama. Jicho gani hilo linalochagua nyumba za kando ya mto tu?"

"Marahaba. Masikio yako marefu!"

Apolonia alichanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wakamnywesha Kamili kidogo kidogo njia nzima hadi zahanati. Jioni mtoto alikojoa, dalili kwamba maji yamemrudia mwilini. Salvina aliikumbatia nepi iliyolowa, akalia kwa furaha.

Kesho yake, nyumbani, alimuuliza Apolonia, "Dada, mbona anahara na maji nachemsha? Yanatokota kabisa!"

"Naamini. Hebu mpe anywe, nione."

Salvina alisugua kikombe kwa tope alilolihifadhi kwenye kopo, akakisuuza kwa maji ya mtoni, akamimina maji yaliyochemshwa.

"Hapo hapo!" alisema Apolonia. "Mlango wa mbele umeutia kufuli, wa uani umeuacha wazi. Humu topeni wanaishi bakteria, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kinyesi kikiingia mtoni, wengi wao hutuama chini. Huko jua haliwafikii, na chakula wanacho. Maji ya juu huonekana safi, kumbe wao wamejaa chini wanaishi siku nyingi."

"Basi nimemlisha mimi mwenyewe?"

"Wewe ulifanya ulilofundishwa na mama yako. Waliotumwagia vinyesi, wao walifundishwa na nani? Sugua kwa jivu la mekoni. Suuza kwa maji yaliyochemshwa. Anika juani. Na mikono uoshe kwa sabuni."

"Jivu!" Bibi Anisia aliguna. "Miaka sitini nalitupa!"

Lakini jioni ile ni yeye aliyelichekecha.

Miezi mitatu ilipita bila Kamili kuhara. Akanenepa, akaanza kukimbia. Siku moja alimpokonya bibi yake kipande cha kiazi kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Mwizi mkubwa wewe!" alifoka Bibi Anisia, huku akimmegea kingine.