Kitambaa Kikishakatwa

Fundi alirudi dukani jua likiwaka, akatupa kofia yake juu ya cherehani. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Watu wa siku hizi hawana haya!" alisema. "Nimeshinda ofisi ya maji tangu asubuhi. Nimefika dirishani, yule bwana anatafuna karanga. Hata kichwa hakuinua. Ananiambia njoo kesho. Na wiki iliyopita aliniambia njoo kesho. Hiyo kesho yao inafika lini?"

"Pole," mkewe alimjibu.

"Hakuna mtu anayejali kazi yake tena. Hakuna!"

Mkewe aliinamisha uso, akaendelea kushona kifungo. Alikuwa anajizuia asicheke. Pale konani, nyuma ya mgongo wa Fundi, palikuwa na gunia lililotuna kwa nguo za watu. Zote zilikuwa zimekatwa. Hakuna hata moja iliyokuwa imekwisha.

Mtaani walimwita mke huyu Mama Vifungo, kwa sababu vifungo na pindo ndizo zilizokuwa kazi zake. Kazi yake nyingine ilikuwa kukaa mbele na kusemwa na wateja. Kazi hiyo hakuna aliyeipa jina.

Zamani Fundi alikuwa fundi kweli. Akimaliza nguo aliigeuza ndani nje, akamwonyesha mteja mishono. "Tazama huku," alisema. "Nje kila mtu anaweza." Kisha zikajaa nguo za madukani, wateja wakapungua, na moyo ukamwishia. Akaanza kulipua. Siku hizi nguo zake zilitoka nyuzi zinaning'inia, na ukimwambia anakujibu, "Nani anatazama?"

Wateja walipozidi kupungua, akabuni ujanja. Mtu akileta kitambaa, Fundi anampima chapuchapu, anashika mkasi, na kukata hapo hapo. Mteja anafurahi. Loo, huyu anaanza leo leo! Maskini, hajui kwamba amekwisha fungwa kamba. Kitambaa kikishakatwa hawezi kukipeleka kwa fundi mwingine, maana hakuna fundi anayependa kumalizia mkato wa mwenzake. Basi vipande vinaingia guniani, na mteja anaanza kupigwa danadana.

Siku hiyo, Jumatatu, Fundi hata hajamaliza kuwasema watu wa maji, ilisikika sauti mlangoni.

"Hodi hapa!"

Fundi aliijua sauti. Aliruka nyuma ya pazia kama kijana.

Aliyeingia alikuwa Mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyemfundisha Mama Vifungo kusoma na kuandika, wakati huo mtu mzima mwenye watoto, anaona aibu hata kushika kalamu. Sasa Mwalimu alikuwa anastaafu. Wanafunzi wake walimchangia kitambaa cha buluu cha gauni la kuagia, na Mama Vifungo mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokwenda kukichagua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia gauni. Sherehe ni Jumamosi."

Mama Vifungo alilitupia pazia jicho. "Fundi ametoka kidogo. Lakini gauni liko tayari, Mwalimu. Limebaki kupigwa pasi tu."

Mwalimu alitazama pazia, kisha akatazama chini ya pazia. "Haya," alisema. "Msalimie akirudi."

Alipoondoka, Mama Vifungo alihisi mashavu yanamwaka moto. Alikuwa amezoea kudanganya wateja, lakini huyu hakuwa mteja tu. Aliona aibu ya kweli, ile ya kutaka ardhi ipasuke. Akalivuta gunia, akamwaga vyote sakafuni.

"Unatafuta nini?" Fundi aliuliza, akitoka mafichoni.

"Gauni la Mwalimu. Utalishona leo."

Alipata kipande cha mbele. Akapata cha nyuma. Akapata kola. Mikono hakuiona. Alipekua mpaka chini, akaibuka na mikono miwili mifupi ya buluu nyingine, iliyopauka kidogo.

"Hii ni ya nani?"

Fundi alikuna kichwa. "Hiyo... hiyo ni ya yule mama wa blauzi. Yule aliyekuwa anasafiri."

"Na blauzi yake ulimshonea mikono ipi?"

Fundi aligeukia cherehani. Jibu lilikuwa wazi. Siku ile ya safari yule mama alikuwa amemkalia kooni, naye akalipua blauzi mbiombio, akaokota mikono ya buluu iliyokuwa karibu. Mikono ya Mwalimu ilikuwa imekwenda safari.

"Tutanunua kitambaa kingine," alisema.

"Kilikwisha dukani. Sisi tulichukua cha mwisho."

"Basi tutie hii. Nitaiongeza kipande kwapani. Yule ni mtu mzima, macho yenyewe hayo ya miwani. Hataona."

"Hataona!" Mama Vifungo alisimama. "Wewe unanitaka nimvishe Mwalimu viraka mbele ya watu wote?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kila siku mimi ndiye ninayesimama hapa kusema uongo. Wewe unajificha, mimi natukanwa. Leo basi. Kama unataka kuwadanganya watu, kaa mbele uwadanganye mwenyewe!"

Ukuta wa upande ule ulikuwa wa mbao tu. Jirani yao, Kinyozi, aliingia na taulo begani.

"Jamani, mnanitikisia ukuta. Nusura nimkate mtu sikio." Akaona vipande vimezagaa sakafuni. "Kulikoni, shemeji?"

Mama Vifungo alimweleza yote, na hakumstahi mumewe hata kidogo. Kinyozi alisikiliza, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Unacheka nini?" Fundi alifoka.

"Nakuonea wivu, ndugu yangu. Mimi kazi yangu hainipi nafasi ya ujanja. Nikimnyoa mtu nusu kichwa nikamwambia njoo kesho, si atanipiga? Kwa hiyo nanyoa kichwa kimoja mpaka mwisho, ndipo naita kingine. Wewe umewanyoa watu nusu kichwa, umewajaza guniani."

Mama Vifungo alicheka bila kupenda. Fundi hakucheka.

"Ninachokuambia ni rahisi," Kinyozi aliendelea. "Usikate kitambaa mpaka siku utakayokishona. Kizima hakipotezi mkono. Halafu, mtu akija na umejaa kazi, mwambie siku ya kweli, hata kama haipendi."

"Ataondoka!"

"Aondoke na kitambaa chake kizima. Atasema hukuwa na nafasi. Sasa hivi wanasemaje? Mimi wananyolewa kwangu, nawasikia. Wanasema usipeleke nguo pale, utazikwa hujaivaa."

Maneno hayo yalimwingia Fundi. Alikaa juu ya kigoda, akatazama mikono yake.

"Na hili la Mwalimu?" Mama Vifungo aliuliza.

"Hilo mwambie leo, shemeji. Kuchelewa na kuharibu kunatokea kwa kila mtu. Mteja akijua mapema, anaweza kujipanga. Akijua Jumamosi asubuhi, umemwua."

Mama Vifungo alikusanya vipande, akaenda navyo darasani. Alimkuta Mwalimu peke yake, anafuta ubao.

"Mwalimu, nimekudanganya," alisema, kabla hajapoteza ujasiri. "Gauni halijashonwa. Mikono yake imepotea, imeshonwa kwenye nguo ya mtu mwingine. Na Fundi hakuwa ametoka."

"Najua. Viatu vyake niliviona."

"Uliviona?"

"Vilikuwa na miguu ndani, mwanangu."

Mama Vifungo alitaka kucheka, akajikuta analia. Mwalimu alimwacha alie. Hakumbembeleza. Alipomaliza, Mwalimu alisema, "Nimekasirika, nisikufiche. Kitambaa kile mlinichangia watu wasio na kitu. Lakini leo ni Jumatatu. Lete hivyo vipande tuvione."

Walivitandika juu ya dawati. Mwalimu alivigeuza huku na huku. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, iliyojaa vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko.

"Nitieni mikono myeupe," alisema. "Miaka yote mikono yangu imekuwa myeupe. Siku ya kuaga iweje buluu?"

Jioni hiyo Fundi mwenyewe alikwenda kwa Mwalimu na tepu yake shingoni. Aliomba radhi kwanza, kichwa kimeinama. Kisha akampima upya, polepole. Kesho yake alishikiza mikono kwa uzi mrefu tu, akampelekea aijaribu, akaona bega moja linavuta, akaifumua. Hakushona kitu kingine mpaka gauni lile likaisha. Mama Vifungo alikata kila uzi uliobaki ukining'inia. Mwisho Fundi aliligeuza gauni ndani nje, akalitazama kwa muda mrefu.

Jumamosi Mwalimu alisimama mbele ya watu na gauni la buluu lenye mikono myeupe. Lilimkaa vizuri. Mama Vifungo alipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Gunia liliisha taratibu, nguo moja baada ya nyingine. Wengine walipopewa nguo zao waligomba, na Fundi alisimama mbele akagombezwa. Vitambaa vipya havikukatwa tena. Mama Vifungo alivikunja vizima rafuni, kila kimoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: jina la mwenyewe na siku ya kuchukua. Ikionekana siku hiyo haitatimia, alimwambia mtu mapema.

Haikuwa rahisi. Mteja mmoja alitaka suti ya haraka, akaambiwa haiwezekani, akaondoka amenuna. Fundi alimtazama akiishia na kitambaa chake kizima chini ya kwapa. Alikuwa kama mtu anayeng'olewa jino.

"Huyo kaenda," alisema.

"Kaenda," mkewe alikubali, akaendelea na pindo lake.

Siku moja aliingia mwanamke mgeni, na furushi la vitambaa mkononi. Alisema anafundisha shule ya mtaa wa pili, na walimu wenzake wamemtuma. Walitaka sare.

"Nani amewaelekeza kwetu?" Fundi aliuliza.

"Mwalimu mmoja mstaafu. Tuliliona gauni lake la kuagia, tukalisifia ile mikono. Akatueleza habari yake."

Fundi alimtazama mkewe. "Alieleza habari ipi?"

"Yote. Kwamba mliipoteza mikono ya gauni lake."

Fundi aliketi. "Aliwaambia tuliipoteza?"

"Ndiyo. Na kwamba mlikuwa mnajificha."

"Na bado mmeleta vitambaa vyenu hapa?"

"Mafundi wa kupoteza vitu wako wengi, kaka," yule mwanamke alisema, akilifungua furushi juu ya meza. "Sisi tulikuwa tunamtafuta wa kutuambia akipoteza."