Posa ya Sekela Ilivyogeuzwa Sinema

"Sekela, mbona umenyamaza? Tutafsirie, mwanangu. Kiswahili cha haraka hivyo sisi kinatupita."

Aliyeuliza ni Bibi Atuganile, kakaa mstari wa mbele na wazee wenzake, shingo kaielekeza kwenye turubai. Nje mvua ya Tukuyu inapiga bati. Ndani ya ukumbi pale Msasani ya hapa Tukuyu madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mchana uwe giza. Sekela ameshika maiki. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu, kuwageuzia wazee maneno ya filamu kwa Kinyakyusa. Tangu mwanzo alikwenda vizuri, watu wanacheka, wanampigia makofi. Sasa ulimi umegoma.

Kwenye turubai imetokea nyumba ya mama yake, kule Nkunga. Migomba ile ile, mlango ule ule. Na yeye mwenyewe anatoka amefunga kitenge cha marehemu bibi yake, anapiga magoti, anasalimia wageni. Ila kila kitu kimefanywa cheusi na cheupe, kama picha za watu waliokwisha kufa.

Ilikuwa siku aliyoposwa.

Mwenye filamu ni Ezron, kijana wa Dar es Salaam, mrefu, mpole wa maneno. Alikuja kutengeneza filamu ya kueleza jinsi sinema yenyewe ilivyoingia Rungwe. Gari la sinema lilivyokuwa likizunguka mashamba ya chai, shuka jeupe linawambwa uwanjani, na wengine wanakwenda nyuma ya shuka kutafuta watu wa kwenye picha wamepotelea wapi. Halafu yakaja mabanda ya video, mpaka leo kila mtu na simu yake. Akahitaji mtu wa kuongea na wazee. Akaonyeshwa Sekela, fundi cherehani wa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya hapa hapa Tukuyu. Wakazunguka vijijini pamoja, na huko huko mapenzi yakaota.

"Kwenye hadithi yangu kuna opereta wa gari la sinema," Ezron alimwambia siku moja, wamejikinga mvua kwenye banda la kupimia chai. "Alikuja na mashine yake, akaona msichana, moyo ukakwama."

"Huyo mtu alikuwepo kweli?"

"Nimemtunga. Ila naona sasa nimejitunga mwenyewe."

Sekela akacheka. "Wewe maneno yako unayakariri nyumbani."

"Nije kuposa basi, ndio utaamini?"

"Mimi sichezewi, Ezron. Ukitaka, njoo kwa mama na wazee wako."

"Nitakuja. Na nitapiga picha yote, iwe kumbukumbu ya watoto wetu."

Kweli akaja. Alikuja na mzee mmoja mnene mwenye ndevu nyeupe, akasema ni baba yake mkubwa. Akaja na Anyitike, kijana wake wa kamera. Na ng'ombe jike mwekundu, mnene, anang'aa.

"Mama, shikamoo," alimwambia Mama Winfrida, mama yake Sekela. "Naomba viti vya plastiki vitolewe, tukae kwenye vigoda. Na simu ziwekwe ndani. Nataka posa yetu ifanane na ya mababu."

"Marahaba, baba. Hilo tu? Tutafanya."

Mama Winfrida aliona ni heshima kubwa. Jioni akawatambia majirani. "Huyu ni wa mjini, lakini mila anazijua kuliko hawa wetu wanaoshinda kwenye meza za pool."

Sasa sikilizeni, nyinyi wenye mabinti. Kwetu ng'ombe akishaingia uwanjani mbele ya watu, binti huyo amepata mwenyewe. Ndiyo maana kabla ya kumpokea, ukoo hutuma mtu akaone kwao na kijana: nyumba gani, watu gani, ana nani. Safari hii hakwenda mtu. Wakasema Dar ni mbali, na baba mkubwa si huyu hapa anakula ndizi zetu? Hata namba ya simu ya mama mzazi hakuna aliyeiomba. Kamera iliwapofusha wote.

Kesho yake Sekela akapokea ujumbe.

"Mke wangu, ng'ombe jana jioni nilimrudisha kidogo akachanjwe. Usimwambie mama vibaya, atawaza bure."

Akajibu, "Sawa mume wangu."

Ng'ombe hakuonekana tena, na Ezron akarudi Dar kuunganisha filamu. Mama akiuliza, Sekela anapiga simu.

"Ezron, ng'ombe atarudi lini?"

"Nikishawaonyesha watu filamu, mpenzi, kila kitu kitakaa sawa."

"Na kanisani je? Mama ameshapeleka majina. Jumapili tunatangazwa."

"Mtandao unasumbua. Tutaongea nikifika."

Jumapili hiyo ndiyo kesho. Na Ezron alifika leo mchana, akapita mlangoni na watu wa mjini, akampungia Sekela mkono kwa mbali na kukaa mbele. Sekela akajua ni shughuli tu.

"Sekela," Bibi Atuganile akarudia. "Yule mzee wa ndevu anasema nini?"

Akainua maiki. "Anasema wameona ua kwenye nyumba hii, wameomba kulichuma."

"Na Ambwene?"

Kwenye turubai Baba mdogo Ambwene, mdogo wa marehemu baba yake Sekela, alikuwa amesimama na koti lake la kanisani, anawajibu wageni kwa Kiswahili.

"Anasema wamesikia. Kijana wamempokea."

Vigelegele vikapigwa. Wengi walikuwepo Nkunga siku ile, wakajua wanaletewa ukumbusho. Mama Winfrida akajifuta macho kwa ncha ya khanga, furaha imemjaa.

Lakini filamu ikaendelea. Opereta, ambaye ni Ezron mwenyewe kavaa kofia ya zamani, akapanda gari lake la sinema. Msichana akabaki barabarani, anatazama gari likipotea kwenye ukungu. Sekela aliikumbuka siku hiyo. Ezron alimwambia, "Simama hapo, nitazame ninavyoondoka, nataka niione sura yako nikiwa mbali." Machozi yale yalikuwa yake kabisa.

Sauti ya filamu ikasema, "Opereta hakurudi tena."

Ikabidi atafsiri na hilo. Maandishi yakaanza kupanda.

"Hayo nayo yanasemaje?" akauliza Bibi Atuganile.

"Yanasema waigizaji. Msichana, Sekela wa Nkunga." Akashuka mstari wa pili. "Mshenga..." Jina lililofuata, la yule mzee mwenye ndevu nyeupe, si la ukoo wa Ezron wala si lile alilojulishwa nyumbani. Akalisoma hivyo hivyo. "Shukrani kwa mzee aliyetukodisha ng'ombe."

"Ng'ombe gani wa kukodisha?" Mama Winfrida akauliza kwa sauti.

"Ngoja, mama. Bado mstari mmoja. Imeandikwa, kwa mke wangu mpenzi Gloria, uliyenivumilia nilipokuwa mbali."

"Si ndiye wewe," Bibi Atuganile akasema. "Au una jina lingine la ubatizo?"

Taa zikawashwa. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, kavaa miwani, akainuka na kuja moja kwa moja kwa Sekela, mikono ameitandaza.

"Dada, mimi ndiye Gloria. Umeigiza mpaka nimelia. Pale ulipopiga magoti, nikamwambia Ezron huyu binti ana kipaji."

"Sikuigiza," Sekela akasema. Maiki ilikuwa bado inafanya kazi, ukumbi mzima ukasikia.

"Vipi?"

"Siku ile niliposwa. Mumeo ndiye aliyeniposa. Kesho natangazwa naye kanisani."

Gloria akageuka taratibu. "Ezron. Uliniambia hawa wote umewalipa."

Ezron akaja anatabasamu, tabasamu lile la kutuliza watu. "Jamani, hapa kuna kutoelewana kidogo. Sekela, si ulikuwa unajua natengeneza filamu? Kamera uliiona."

"Uliniita mke wako kwenye simu. Hapo kamera ilikuwa wapi?"

"Tuongelee nje basi, Sekela. Watu hawa hawahusiki."

"Wanahusika," Sekela akasema. "Ndio waliopiga vigelegele."

Mama Winfrida alikuwa ameshasogea. Hakupaza sauti. "Baba, nilikupa kigoda cha marehemu mume wangu ukakalia. Nilikuombea kabla hujala. Ulikuwa unanitazama tu ninavyosali?"

"Mama, ile ilikuwa sanaa. Mmeingia kwenye historia ya sinema ya Rungwe. Mtu yeyote angejivunia."

"Mimi sikuomba kuingia huko. Nilikuwa namwoza mwanangu."

Baba mdogo Ambwene akainuka. Mtu mzito wa kusema, hata kwenye vikao vya ukoo huongea mwisho. Akamwambia Sekela, "Nipe hicho kidude." Akashika maiki na kuanza kwa Kinyakyusa. Nyuma ya ukumbi Anyitike alikuwa na kamera begani, maana aliagizwa apige watu wanavyoipokea filamu.

"Anyitike, zima hiyo," Ezron akasema.

Ambwene akaingia Kiswahili kidogo. "Usizime, kijana. Ile ya kuposa mliipiga yote. Na hii ya kuvunja muipige yote."

Anyitike akamtazama bosi wake, akamtazama mzee. Kamera ikabaki begani.

"Tafsiri, mwanangu," Ambwene akasema. "Wageni nao wasikie."

Sekela akasimama ubavuni kwake. Mzee anasema kwa lugha ya nyumbani, yeye anageuza kwa Kiswahili, macho kayaelekeza kwenye kamera.

"Anasema, siku ile alitamka kwamba tumekupokea. Leo mbele ya watu wale wale anatamka kwamba hatukujui. Anasema ng'ombe wako hakulala kwetu, kwa hiyo hatukudai wala hutudai. Anasema binti yetu hana mume. Na kipande chake chote kitoke humo kwenye filamu."

"Lakini bila kipande hicho filamu haina mwisho," Ezron akasema.

"Kitatoka," Gloria akasema. "Mashine za kuunganishia filamu ziko nyumbani kwangu. Nitakitoa mwenyewe, na wewe utakuwa umekaa unatazama."

Akachukua pochi yake na kutoka mvuani bila mwavuli. Ezron akamfuata anamwita. Hakugeuka nyuma kumtazama Sekela hata mara moja.

Watu wakabaki wamekaa. Hakuna aliyejua kama shughuli imekwisha. Bibi Atuganile akamshika Sekela mkono akasema, "Ndaga, asante mwanangu. Umetafsiri vizuri." Hakuwa na lingine la kumpa.

Mama Winfrida akasogea mlangoni, akapiga simu kwa mzee wa kanisa.

"Mzee, yale majina ya kesho msiyasome."

"Kuna nini tena, Mama Winfrida? Mbona ghafla?"

"Bwana harusi alikuwa anaigiza."

"Eti nini? Na binti je?"

Mama akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi peke yake chini ya turubai tupu, kitenge chake kakibana kifuani kwa mikono miwili.

"Binti hakuigiza, mzee. Ndiyo maana analia."