Mkono wa Kushoto wa Dawa

"Simama hapo ulipo."

Msafi hakusimama.

Aliruka kreti za soda, akapenya kati ya malori mawili, akaingia kichochoro cha nyuma ya maghala. Nyuma yake Yamaha ilinguruma. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye goti bovu na shabaha nzuri. Kwenye Idara ya Usalama walimwita Sindano. Mtaani walijua anauza vipuri vya magari.

Kichochoro kiliishia ukutani.

Sindano alishuka, bastola ya Beretta mkononi, akavua kofia ya pikipiki. Msafi alipomtambua, alinyoosha tai yake akacheka.

"Shikamoo, mama mkwe. Kumbe duka leo limefungwa?"

Sindano alimwelekezea Beretta. "Mikono ukutani."

Alimpekua. Simu. Kitana. Leso iliyopigwa pasi. Ndani ya begi, shati moja na tikiti ya ndege ya mchana huo.

Basi.

Akapekua tena, mpaka soksi. Hakuna chupa ya maabara.

Huyu alikuwa dalali wa kampuni ya ng'ambo, mtu mwenye maneno ya asali na viatu vinavyong'aa. Alimwendea binti mmoja mtafiti wa kemia, akamchumbia. Binti huyo alikuwa mtoto pekee wa Sindano. Mama alimwonya mwanawe mapema. "Mwanaume anayeuliza habari za kazi yako kuliko habari zako, hakutaki wewe." Binti alinuna. Hawakuwa wakisemezana vizuri tangu siku hiyo.

Na asubuhi hiyo Msafi alitoka maabara ya mchumba wake, ndani ya kiwanda cha dawa, akaanza kukimbia.

Sindano alibonyeza kifungo cha blauzi. Redio ilikuwa humo.

"Kiota, hapa Sindano. Ndege ninaye. Yai hana."

"Rudia."

"Hana kitu."

"Maabara wamehesabu vyao. Hakuna kilichopungua. Mwachie."

"Nimwachie?"

"Unamkamata kwa kosa gani, Sindano? Kuvaa vizuri?"

Msafi alisikia. Akatabasamu, akatazama saa yake. Akaitazama tena.

Sindano aliiona hiyo saa ikitazamwa. Mwizi hukimbia na mali. Huyu hakuwa na mali. Huyu alikuwa anakimbia kabla ya jambo.

Jambo gani?

Akakumbuka jikoni kwake, siku za amani, binti yake akiosha vyombo kwa glavu za mpira.

"Mama, vaa hii ya kulia mkono wa kushoto."

"Hainikai."

"Ndivyo dawa zilivyo. Chembe ya dawa ina mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Ukiitazama ni ile ile, kama mtu na sura yake kiooni. Lakini wa kulia unamtuliza mtoto mwenye degedege, wa kushoto unamla ini. Watu wanaitengeneza, inatoka mchanganyiko wa mikono yote miwili. Mimi nimepata kichocheo kinachotoa mkono wa kulia peke yake. Tone dogo linaendesha pipa zima."

"Na huo wa kushoto?"

"Nimetengeneza pia kichocheo pacha, kinachotoa wa kushoto. Cha kulinganishia tu. Kimeyeyushwa vile vile, chupa ile ile. Kizuri kina kifuniko cha kijani, pacha cheupe."

Vifuniko.

Hakuna kilichoibwa kwa sababu hakuna aliyekuja kuiba. Kidole gumba kimoja, vifuniko viwili, na kiwanda kizima kinapika sumu ya watoto chini ya jina la binti yake. Halafu ile kampuni ya ng'ambo inaleta dawa yake kama mkombozi.

"Kiota, simamisheni kiwanda. Amebadilisha vifuniko."

"Ushahidi?"

"Sina."

"Mgeni rasmi yuko njiani kuja kuzindua dawa hiyo. Nimwambie nini mkuu? Vifuniko? Lete ushahidi."

Redio ikakatika.

Sindano alimtazama Msafi. Tabasamu lilikuwa limepungua.

Klik. Pingu ya mkono wa kulia kwenye bomba la chuma.

"Mama mkwe, huna haki. Nataka mwanasheria."

"Mpigie. Mkono wa kushoto uko huru."

Akachukua simu ya Msafi, akaiweka mbali na mguu wake kwa hatua chache, akaondoka.

Njiani alimpigia binti. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Ujumbe ukaingia. *Niko kazini mama. Usianze.*

Alivuta mafuta ya Yamaha mpaka kioo cha pembeni kikalegea.

Getini kwa kiwanda cha dawa alikuta mlinzi mwenye sare mpya, yule yule aliyempokea kila siku alipoleta chakula cha mchana. Sindano alikuwa na hotpoti lake la kawaida, alilolibeba daima nyuma ya Yamaha. Chini lilikuwa na sakafu ya pili, na Beretta ilikaa humo vizuri.

"Mama Mtafiti, leo haiwezekani. Wageni wakubwa."

"Nampa chakula natoka, baba."

"Jana ningekuruhusu, kesho nitakuruhusu. Leo hata mama yangu mzazi nimemrudisha."

"Mwite basi."

Mlinzi akapiga simu ya ndani, akasikiliza, akaona haya. "Anasema hana njaa."

Hana njaa. Mtoto uliyemnyonyesha.

Sindano alizunguka nyuma, kwenye mapipa ya taka. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka, au yeye alikuwa amefupika. Goti likalia. Akaanguka upande wa pili juu ya maboksi, hotpoti kifuani, akanyanyuka bila kujikung'uta.

Maabara ilikuwa tupu. Wote walikuwa ukumbini wakipanga viti.

Ndani ya friji kulikuwa na chupa moja nyembamba, ndefu, yenye maji meupe kama machozi. Kifuniko cheupe. Ile ya kijani ilikwisha kupelekwa kwenye mitambo.

Alivua miwani yake ya jua, Ray-Ban yenye vioo vinavyochuja mwanga, akavibonyeza vyote viwili vikatoka. Kimoja akakiegemeza kwenye tochi ya simu. Cha pili akakishika mbele ya jicho, akakizungusha mpaka mwanga ukafa kabisa. Giza. Hapo ndipo binti yake alipoanzia jikoni, siku ile alipomwonyesha kwa maji ya sukari. "Mkono wa kulia wa kichocheo changu unapinda mwanga kama sukari, mama. Kulia, kama saa inavyozunguka. Pacha anapinda kushoto. Uzito hausemi, harufu haisemi. Mwanga tu ndio husema."

Akaiweka chupa katikati.

Mwanga ukarudi.

Akakizungusha kioo polepole kuelekea kushoto. Mwanga ukazidi.

Kulia. Ukafifia. Ukafa.

Kifuniko cheupe, mkono wa kulia. Ilikuwa kweli.

Kama amekosea upande, yeye ndiye atakayewalisha watoto sumu, si Msafi. Akarudia. Kulia. Akarudia tena, akinong'ona kama anayesali. Kulia.

Kifuniko cha plastiki kilikaa juu ya kizibo cha mpira tu. Kidole gumba kiliking'oa bila hata kuifungua chupa. Upuuzi mtupu. Kazi ya miaka imelindwa kwa rangi ya plastiki.

Kwenye ukumbi wa mitambo fundi wa ovaroli la bluu alisimama kando ya pipa kubwa la chuma. Mezani kwake, chupa yenye kifuniko cha kijani. Alikuwa anafunga sindano ndefu kwenye mpira wa bomba.

"Mwanangu, samahani. Mtafiti yuko wapi? Nimemletea chakula."

"Mama, huku huruhusiwi kuingia."

"Nimepotea, mwanangu, milango yenu inafanana."

Hotpoti likamponyoka. Kifuniko chake kikabingirika chini ya pipa, kikipiga kelele kama debe.

"Pole, mama, acha nikuokotee."

Alipoinama, mikono ya Sindano ilifanya kazi. Chupa ya pacha kwenye sakafu ya pili ya hotpoti. Chupa ya kweli mezani, kifuniko cha kijani juu.

"Mama."

Binti alikuwa mlangoni, koti jeupe, macho mekundu.

"Rafiki yangu amekuona. Unamkimbiza mchumba wangu kwa pikipiki, kwenye maghala, kama mwizi. Simu yake haipokelewi. Umemfanya nini?"

Sindano alifungua mdomo. Kiapo cha Idara kikaufunga.

"Nimemfukuza," akasema.

"Kwa nini?"

"Hakufai."

"Wewe unayeuza plagi za magari ndiye unayejua anayenifaa?"

Fundi akajifanya anatazama mita.

"Sawa, mwanangu. Nichukie. Lakini hiyo chupa umeipima kwa mwanga leo?"

"Niliipima nilipoitengeneza. Kifuniko ni cha kijani."

"Kifuniko si dawa. Hata mimi wa plagi najua hilo."

"Usinifundishe kazi yangu. Nenda nyumbani, mama. Tafadhali."

Sindano alitoka. Korido ilikuwa na mlango wa kioo, na nyuma ya kioo aliona fundi akiinua sindano.

Akaona binti akiitazama chupa.

Akaona binti akinyoosha mkono. "Subiri." Midomo yake ilisema hivyo. Akaichukua chupa, akaipeleka kwenye kipimo cha mwanga, akainama kwa kinyongo.

Sindano alisogea karibu na kioo.

Binti akasoma, akaifuta ile lenzi kwa pindo la koti, akasoma tena. Akamwitikia fundi kwa kichwa.

Kulia.

Kifungo cha blauzi kikakoroma. "Sindano, tumemchukua ndege wako. Anataja wenzake kama kasuku. Ushahidi?"

"Upo kwenye hotpoti."

"Mkuu anauliza kwa nini hukufuata utaratibu."

"Mwambie nilifuata. Ulikuwa umefungwa."

Getini mlinzi aliduwaa. "Mama, umeingilia wapi?"

"Mlangoni, baba. Hukuniona?"

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa binti. *Usiniletee chakula kesho.*

Sindano aliusoma, akaizima simu. Kesho angekuja kama kawaida. Akavaa miwani yake isiyo na vioo, akawasha Yamaha, akaondoka taratibu, jua likimchoma machoni.

Hakuyafumba.