Kijumba Chekundu cha Almvalla

Watu walikuwa wamebanana kwenye ukumbi wa maonyesho wa Stockholm, kila mtu akitaka kuuona mji mpya wa Almvalla kabla haujajengwa. Ulikuwa juu ya meza kubwa, umechongwa kwa mbao: maghorofa, maduka, stesheni ya treni, vyote vyeupe. Gunvor, binti aliyeunganisha simu za watu kwenye swichibodi, alikuwa na koti la kijani na kofia ya kuazima. Alipenyeza mkono chini ya kamba akagusa kijumba chekundu kilichokuwa pembeni.

"Wee dada! Hakiguswi hicho!"

"Kwa nini? Ni kwetu hapo."

Kijana mwenye aproni na unga wa mbao kwenye nyusi alimkazia macho. "Kwenu?"

"Nimezaliwa humo. Baba amelikodi shamba hilo miaka thelathini. Na mlango umeuweka upande siyo. Unatazama mashariki, si barabarani."

"Basi fundi mwenyewe ni mimi, na leo nimeumbuka mbele za watu." Akacheka. Jina lake Sten. "Ila usihofu. Chekundu maana yake kinabaki. Vyeupe ndivyo vitakavyojengwa."

"Niapie."

"Nakuapia."

Kwa kiapo hicho Gunvor alimpenda, wala hakuna wa kumlaumu. Tangu siku ile simu ya Sten iliingia swichibodi kila adhuhuri.

"Namba gani, tafadhali?"

"Ya moyo wako, mpenzi."

"Hiyo inatumika. Jaribu Alhamisi, kuna supu."

Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji zenye jemu, kwao kama kwa kila mtu. Mzee Algot, baba yake Gunvor, mjane asiye na maneno mengi, alimpakulia kijana kwa mkono wake mwenyewe. Novemba ile alipata taarifa ya shamba jingine huko Uppland. Mwenye shamba alitaka jibu kabla ya Krismasi, kwa kuwa wakulima wa kukodi huhama siku moja tu kwa mwaka, tarehe kumi na nne Machi. Mzee akamgeukia Sten.

"Wewe ndiye uliye jikoni kwa hao wapanga mji, kijana. Tubaki au tuondoke?"

Sten aliikoroga supu yake muda mrefu. "Mbaki, mzee."

Kesho yake Algot akaandika barua ya kulikataa shamba la Uppland.

Februari Gunvor aliingia karakana ya Sten bila hodi, amemletea skafu aliyomfumia. Mji ulikuwa mezani. Pale palipokuwa pekundu palikuwa na kipande cheupe chenye mistari myembamba: maegesho ya magari.

"Nani amekitoa?"

Sten hakuweza kumtazama. "Mimi. Niliagizwa."

"Lini?"

"Oktoba."

"Oktoba! Baba amekuuliza Novemba, Sten. Uso kwa uso, mdomoni una supu yake!"

"Nilikuwa nawabembeleza wakubwa. Nilidhani watageuka. Niliogopa nikikwambia nitakupoteza, mpenzi."

Gunvor aliiacha skafu juu ya maegesho, akatoka.

Adhuhuri simu iliita. "Namba gani, tafadhali?"

"Gunvor, nisamehe."

"Namba hiyo haipo," akasema, akachomoa waya. Wateja watatu waliofuata aliwaunganisha kusiko.

Ng'ombe kumi na wawili waliuzwa, nyumba ikabomolewa. Baada ya miaka miwili ya kupanga vyumba, Algot na bintiye walipewa nyumba Almvalla kwenyewe, ghorofa ya tatu, maji ya moto bombani, dirisha likitazama maegesho. Bado mzee aliamka alfajiri akitafuta viatu vya kwenda kukamua.

Siku ya kufungua mji, bendi ikipiga chini, Sten alibisha hodi. Alivaa suti nyeusi na ile skafu. Akaweka kijumba chekundu mezani mbele ya mzee.

"Nimekukosea, mzee. Sina la kujitetea."

Algot alikichukua kijumba, akakigeuzageuza. Gunvor akamtoa Sten hadi kwenye ngazi.

"Nimekuja kukuposa, Gunvor."

"Nakupenda," alisema, na machozi yakamshuka. "Sikuacha hata siku moja. Lakini kila ukinyamaza mezani nitajiuliza unaficha nini. Sitaweza, Sten. Nenda, mpenzi."

Alizihesabu hatua za Sten mpaka chini. Aliporudi ndani, mzee alikuwa dirishani na kijumba kiganjani.

"Mlango ameuhamishia mashariki," alisema. "Kumbe siku ile alikusikia."

Gunvor akaja kusimama karibu naye. Chini, Sten alikuwa anakatiza maegesho matupu. Alipofika pale nyumba ilipokuwa, hakupita katikati. Aliizunguka, ukuta kwa ukuta, kana kwamba bado imesimama, akaenda zake. Gunvor aliweka kiganja kwenye kioo, lakini dirisha hakulifungua.