Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Jioni ile nilifunika mapema omena yangu, dagaa ninaowauza. Wateja wangu wa Kisumu Ndogo, hapa Kibera, wanajua Jael hafungi kabla ya giza, kwa hiyo wakaanza kuulizana nani amekufa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, kuna aliyezaliwa.

Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Daisy alikuwa amenipigia simu akilia. Daisy ni mke wa Osewe, na Osewe ni mtoto wa marehemu dada yangu, Rachael. Anatengeneza makochi Kawangware, upande wa kuelekea Riruta. Mtoto wao wa kike alikuwa hajatimiza mwezi, na kila jua likitua alikuwa analia. Si kilio cha njaa. Alilia mpaka sauti ikaisha, halafu akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi.

"Dana, nimempeleka kliniki wakasema ni tumbo," Daisy aliniambia, akiniita bibi kwa Kijaluo. "Nimempeleka kwa pasta akasema ni adui. Wewe unasema ni nini?"

"Mimi sijasema kitu. Nakuja."

Kwetu Waluo, mtoto akilia hivyo tunajua kuna mtu aliyekufa anataka jina lake lipewe mtoto. Mzee wa kike anakaa naye, anataja majina ya wafu wa ukoo, moja moja. Likitajwa lile lenyewe, mtoto ananyamaza na kushika titi. Ni majina ya wafu tu. Aliye hai hatajwi pale, maana kumtaja ni kama kumchimbia kaburi akiwa anakula.

Mimi si mwepesi wa kuamini. Ukiuza samaki maisha yako yote, unajua kilichooza hata kikiwa kimefunikwa. Lakini nimeona watoto wakinyamaza.

Nilichukua boda mpaka Kawangware. Kwenye lango la ploti nikamkuta Kalekye, mama wa Kitui anayeuza maji pale. Amekaa ploti ile kuliko wapangaji wote na hakuna sufuria inayochemka asijue ina nini.

"Mama Ouma," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "leo umetuletea omena ama umetuletea maneno?"

"Vyote. Omena ni yako, maneno ni ya mtoto."

Hakucheka. Alitazama mlango wa Osewe, akainama kwenye jerikeni zake. "Ukimaliza nipitie. Usiende bila kunipitia."

Sasa, kabla sijaingia mlangoni, lazima niwaambie habari za Rosebella.

Rosebella ndiye aliyekuwa mke wa kwanza wa Osewe. Alikuwa akikaanga mandazi ya iliki pale pale langoni, na yeye ndiye aliyemuuguza dada yangu Rachael mpaka akafa. Alimwosha na kumlisha, akamgeuza kitandani, na Osewe yuko karakana akipiga misumari. Ukiuliza hali ya nyumba ile ulikuwa unauliza, "Rachael na Rosebella wanaendeleaje?" kwa pumzi moja.

Kisha mwaka jana Osewe akatuambia Rosebella ameenda Saudi kufanya kazi za nyumba. Hakuniaga. Msichana aliyenifulia nguo nikiwa na malaria, apande ndege asiniage? Nikipiga simu haishikwi. Nikikata, ujumbe unaingia: niko salama, kazi ni nyingi. Niliona haya mambo yana miba. Lakini watoto wa siku hizi wanaondoka kama kuku, na mimi nilikuwa na omena ya kuuza.

Nikaingia.

Nyumba ni chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Kulikuwa na harufu ya gundi na vanishi, harufu ya Osewe siku zote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kile kisu chake kirefu cha kukatia sponji mapajani. Anakitumia kukwangua gundi kwenye vidole. Hakiachi, hata kanisani nimemwona nacho chini ya koti.

"Mama," akasema. "Umechoka kuuza samaki, umekuja kuwa mganga?"

"Mganga analipwa. Mimi nipe chai."

Daisy alikuwa kitandani, macho mekundu, mtoto kifuani. Nje jua lilikuwa linamalizika kwenye mabati.

Mtoto akaanza.

Nimelea watoto sita na nimezika wawili, lakini mwili wangu ulisisimka. Kilikuwa kilio cha mtu mzima ndani ya koo ndogo. Nikamchukua, nikamlaza kwenye magoti, nikaanza.

Nikamtaja mama yangu. Akalia. Nikamtaja bibi yetu aliyekufa kwa nyoka. Akalia. Nikataja shangazi wa Osewe wawili, na binamu aliyezama ziwani, Winam. Akalia, uso umekuwa rangi ya maini. Nikamtaja dada yangu.

"Rachael."

Akalia.

Na ulimi wangu, kwa mazoea ya miaka, ukaenda ulikokuwa ukienda siku zote baada ya jina hilo.

"Rosebella."

Kimya.

Kimya kabisa... Nilisikia maji yakidondoka kwenye jerikeni za Kalekye huko langoni. Mtoto alikuwa amefungua macho, ananitazama. Mtoto wa umri ule hatazami mtu. Huyu alinitazama.

Kisu cha Osewe kilikuwa kimeacha kukwangua.

"Huyo yuko hai, Mama," akasema polepole.

"Najua. Ni uzee. Ulimi umeteleza."

"Taja mwingine."

Nikamtaja mwingine, mjomba wake. Mtoto akaangua kilio. Nikataja mwingine tena, kilio kikazidi. Ndipo Daisy akainama kwenye sikio la mtoto akanong'ona:

"Rosebella."

Kimya.

"Msimtaje huyo," Osewe akasema. Hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

Na hapo ndipo nilipoisikia. Harufu. Ilipenya chini ya ile gundi na vanishi, ikaja taratibu, ya joto, tamu. Mafuta yanayochemka. Iliki.

Daisy akainua pua. "Ndiyo hiyo," akasema. "Inakuja kila jioni kabla mtoto hajaanza kulia. Dana, nani huwa anapika mandazi hapa ploti?"

Nilikuwa namtazama Osewe. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na alikuwa anapumua kwa kinywa. Mtu anapumua kwa kinywa wakati hataki kunusa.

Nikaelewa. Na yeye akaona kwamba nimeelewa.

Kigoda chake kilikuwa mlangoni. Mimi nina magoti mabovu. Daisy alikuwa na mshono wa kujifungua, na mtoto alikuwa na mwezi usiotimia. Niliwaza jambo moja tu: Daisy na mtoto wakibaki humu, na wao wataenda Saudi.

Osewe alizaliwa Kibera. Mila anazijua kwa kusikia sikia, kama mtu anavyojua nyimbo za kanisa asiloenda. Nikasimama, nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso.

"Sasa, mtoto aliyekosewa jina halali pale alipokosewa," nikasema. "Atalala kwangu, yeye na mama yake. Nikishapata jina la sawa, nitawarudisha. Ndiyo mila."

Hakuna mila kama hiyo duniani.

"Sijawahi kuisikia," akasema Osewe.

"Uliwahi kuuliza?"

Akasimama. Kisu mkononi, hakukielekeza kwangu, hakukiweka chini. Akasogea mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Daisy anabaki," akasema. "Chukua mtoto."

"Mtoto atanyonya omena?"

Osewe alikuwa anamtazama Daisy, na Daisy alikuwa anamtazama yeye, na niliona kitu kikimfungukia msichana yule usoni. Hakulia. Alifunga tu kitambaa kichwani, akakaza fundo.

Mlango ukagongwa.

"Mama Ouma," Kalekye akaita huko nje, sauti kavu. "Niko hapa na vijana wa maji. Tunangoja omena yangu."

Osewe akasogea.

Tulipita. Harufu ya iliki ilitufuata mpaka langoni, ikakoma pale pale Rosebella alipokuwa akiweka jiko lake. Nikamuuliza Kalekye kama ananusa kitu. Akasema ananusa gundi tu.

Lakini alitusindikiza mpaka barabarani, na njiani akanipa lile alilotaka kunipa tangu nilipofika.

"Mama Ouma, mimi nimepanga nyumba tangu nikiwa msichana. Bati likivuja, unamwita mwenye ploti. Choo kikijaa, unamwita mwenye ploti. Umewahi kuona mpangaji akinunua simiti yake, akamwaga sakafu kwenye ploti ya mtu?"

"Sijawahi."

"Osewe alimwaga. Kule karakana, wiki ile Rosebella alisafiri. Alimwaga peke yake, akapanga mbao juu. Mwenye ploti alifurahi. Mimi sikufurahi, lakini nani anamsikiliza muuza maji?"

Nilipofika kituoni, polisi hawakutaka habari za mtoto. Yule wa mezani alinicheka waziwazi. Lakini habari ya mpangaji aliyemwaga simiti bila kuombwa, hiyo aliiandika. Naye alikuwa mpangaji.

Walimkuta Rosebella chini ya mbao na simiti ile. Simu yake ilikuwa kwenye kopo la misumari, ikiwa na chaji. Sitasema zaidi, nilimwona na inatosha.

Osewe hawakumkuta. Kalekye anasema aliondoka usiku ule ule tuliotoka, na koti na kisu chake tu, hata mlango hakufunga.

Daisy nikakaa naye Kisumu Ndogo. Mtoto tukamwita Rosebella, na tangu siku hiyo alinyonya na kulala kama mtoto wa watu. Daisy naye akajifunza omena upesi, akawa na mkono mwepesi na maneno machache. Majirani walimpenda. Mimi pia. Kitu kimoja tu sikukipenda. Simu yake ilikuwa ikilia anatoka kuipokea nje, nyuma ya choo, na akirudi anasema ni watu wa Ahero, kwao.

"Watu wa Ahero hawasalimii wenzio?" nilimuuliza siku moja.

"Watakusalimia, Dana."

Jumapili moja baada ya kanisa akaniachia mtoto. Alisema anaenda Kawangware kuchukua nguo za mtoto zilizobaki. Nikasema nguo zote alishazichukua siku ile polisi walipokagua nyumba. Akasema kuna nyingine.

Alirudi jua likitua, viatu vina tope ingawa mvua haikuwa imenyesha. Hakuwa na nguo yoyote ya mtoto. Alioga kwanza, kabla hata ya kumnyonyesha, na maji aliyoogea aliyamwaga mbali. Kisha akaketi, akatoa kitu kwenye mfuko wa karatasi, akaanza kukatia sukuma wiki.

Kilikuwa kisu kirefu. Kisu cha kukatia sponji.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Kwa nyumba," akasema. "Ni kizuri. Angalia, sukuma inakuwa nyembamba kama nywele."

Kwa nyumba hakikuwepo. Kalekye alikiona kikiondoka.

Hiyo ni Jumapili. Jumanne jioni nilikuwa nachagua mawe kwenye omena, Daisy anakata sukuma, mtoto amelala. Nikasikia harufu. Ndani ya nyumba yangu, ambayo tangu niipange inanuka samaki tu na mafuta taa.

Vanishi... na gundi.

Mtoto akafungua macho. Akaanza kulia. Kilio kile.

"Rosebella," nikamwambia upesi. "Rosebella, mama."

Hakunyamaza. Nikamchukua, nikaanza tena safari ile ya majina, mama yangu, bibi yetu, aliyezama Winam. Akazidi. Mtu anayetafuta jina hujaribu mengi, wengine hujaribu mpaka alfajiri.

Daisy hakuinua kichwa. Hakuacha kukata.

"Osewe," akasema.

Kimya.

Mtoto akapumua, akaanza kutafuta titi.

Nilisikia kisu kikipita kwenye sukuma, chwa, chwa, chwa. Nikajikuta nasema yale yale niliyoambiwa kule Kawangware, na kwa sauti ile ile ya chini.

"Huyo yuko hai, Daisy."

"Eeh," akasema. "Yuko hai, Dana." Akanitazama, na macho yake yalikuwa makavu na yametulia, macho ya mtu aliyelala vizuri. "Wakiuliza, si ndivyo tutakavyosema?"

Akamchukua mtoto wake akamnyonyesha.

Polisi wanakuja mara kwa mara kuuliza kama Osewe amepiga simu. Daisy anawapa chai. Mimi nachagua mawe kwenye omena. Aliyelala chini ya mbao alikuwa binti yangu kuliko wengi niliowazaa, na sina machozi ya kumwagia mtu mwingine. Hilo nalisema bila aibu.

Lakini jua likianza kutua namweka mtoto mgongoni kwangu. Akikohoa tu, nataja mimi kwanza, nataja haraka, wafu wote ninaowajua. Sitaki Daisy afungue kinywa.

Sitaki siku moja nimsikie akijaribu jina langu.